Tairi na Upepo: Kuandaa Pikipiki kwa Siku ya Uwanjani

Mwendeshaji anayepeleka pikipiki yake ya barabarani kwenye uwanja wa mbio kwa mara ya kwanza, si kwa kushindana bali kwa kujifunza kukimbia mahali pasipo na malori wala waenda kwa miguu, kwa kawaida huhangaika na injini, breki na mavazi ya ngozi. Tairi hulikumbuka asubuhi ya siku yenyewe, anapopita kituo cha mafuta kujaza upepo kama afanyavyo kila wiki. Ningependa alikumbuke mwanzo kabisa, kwa sababu uwanjani tairi hupata joto ambalo barabarani halilioni, na upepo uliomo ndani ndio unaoamua joto hilo litashika lami au litaitelezea. Nitachukua mfano wa pikipiki ya cc 600 inayokwenda Whistling Morans, karibu na Athi River, uwanja wenye kona nyingi zinazofuatana.

Anza kwa kusoma ubavu wa tairi. Pikipiki nyingi za aina hii huvaa 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, R inaonyesha kwamba ni radiali, yaani nyuzi zake za ndani hupita moja kwa moja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Alama ya 73W inayofuata kwenye tairi la nyuma ina maana kwamba tairi linabeba hadi kilo 365 na limeidhinishwa kwa kasi ya kilomita 270 kwa saa. Linganisha na herufi P, inayoonekana kwenye matairi mengi ya pikipiki ndogo, ambayo kikomo chake ni kilomita 150. Kisha tafuta tarakimu nne za tarehe: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata ukikaa stoo bila kutumika, na mimi siingii uwanjani na tairi lililozidi miaka mitano, hata kama kashata zake, yaani michoro ya mpira inayokanyaga lami, bado ni ndefu. Tazama pia umbo. Tairi lililozoea Barabara ya Mombasa huwa limelika katikati huku pembeni likiwa zima, na tairi bapa namna hiyo huifanya pikipiki igome kulala kisha iangukie kona ghafla.

Baada ya hapo ndipo uchague aina. Matairi ya safari ndefu yana mpira mgumu unaodumu, lakini yakisukumwa uwanjani hupata joto kupita kiasi na kuanza kuteleza. Matairi ya mbio yasiyo na kashata, yaani vipara halisi, hutamaniwa na wengi kwa sababu ndiyo wanayoyaona kwenye televisheni. Hayo hushika lami vizuri sana yakiwa moto, lakini yanahitaji blanketi za umeme zinazoyapasha hadi nyuzi 80 hivi kabla ya kutoka, na jenereta ya kuziendesha. Bila blanketi, asubuhi ya baridi ya Julai, unaweza kumaliza nusu ya kipindi, yaani zamu yako ya kukimbia uwanjani, ukiwa juu ya mpira ambao bado haujaamka. Kwa anayeanza, na hata kwa mwenye uzoefu wa miaka miwili mitatu, pendekezo langu ni tairi la barabarani la kiwango cha juu cha michezo, lenye mpira mgumu katikati na laini pembeni. Hupata joto haraka, hustahimili kupashwa na kupoa mara nyingi, na utarudi nalo nyumbani.

Sasa tuje kwenye upepo, ambako makosa mengi hutokea. Pikipiki nyingi za Kijapani za kundi hili zimewekewa na kiwanda psi (pauni kwa inchi ya mraba) 36 mbele na 42 nyuma, tairi likiwa baridi. Vipimo hivyo vimezingatia abiria, mizigo na mwendo mrefu wa barabara kuu. Ukiingia navyo uwanjani, hewa ya ndani inapopanda kwa nyuzi 40 za joto, ile 42 ya nyuma hufika karibu 49. Tairi huvimba, sehemu inayogusa lami hupungua, na ukifungua gesi kutoka kwenye kona nyuma huanza kuteleza. Hesabu ya kukumbuka ni kwamba kila nyuzi 10 huongeza psi 1 na nusu hivi. Kwa hiyo tunaanza chini zaidi. Kipimo cha mtengenezaji wa tairi lenyewe kwa matumizi ya uwanjani ndicho cha kwanza kufuatwa, na kisipopatikana, kwa tairi la barabarani la michezo anza na psi 31 mbele na 29 nyuma, baridi. Usidhani kwamba kushuka zaidi kunaongeza mshiko bila mwisho. Tairi lenye upepo mdogo mno hujikunja sana, hujichemsha lenyewe, usukani huwa mzito, na la mbele hubonyea unapofunga breki kwa nguvu. Hata MotoGP, mashindano makuu ya dunia ya mbio za pikipiki, imeweka kiwango cha chini ambacho mpanda pikipiki haruhusiwi kukishuka: mwaka 2024 kilikuwa bar 1.80 kwa tairi la mbele, yaani psi 26 hivi, tena likiwa moto.

Vipimo hivi havina maana bila geji unayoiamini. Mwaka mmoja nilijaza upepo katika kituo cha mafuta njiani, nikaambiwa ni 31, nikaingia uwanjani. Katika mzunguko wa tatu usukani ulikuwa kama umeshikwa na mtu. Nilipotoka na kuazima geji ya jirani, tairi likiwa moto bado, ilisoma 30. Kwa baridi, basi, lilikuwa na psi 25 au pungufu. Tangu siku hiyo nabeba geji yangu, ile ile moja, pamoja na pampu ya mguu. Kagua na valvu: weka mate kidogo mdomoni mwake uone kama linatoa povu, kisha funga kifuniko cha chuma chenye kipira ndani, kwa maana kwenye kasi kubwa kijiti cha valvu kinaweza kusukumwa na kuvujisha upepo.

Pima baridi kivulini, kabla ya kuwasha injini, kwa sababu jua la asubuhi likipiga gurudumu moja tu litakudanganya kwa psi moja au mbili. Pima pale pale uwanjani, si nyumbani siku iliyotangulia. Geji husoma tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje ya Athi River ni kama psi 12 ilhali ya Mombasa ni 14.7, kwa hiyo tairi lililojazwa huku juu litasoma karibu psi 2 na nusu pungufu ukifika pwani, joto likiwa lile lile.

Mizunguko miwili ya kwanza iwe ya taratibu, hasa kama matairi ni mapya na ngozi yake bado inang'aa. Ukitoka, pima mara moja, la mbele kwanza kisha la nyuma, kwa mpangilio huo huo kila kipindi, uandike daftarini pamoja na saa na hali ya jua. Ongezeko la psi 5 au 6 linaonyesha kwamba tairi linafanya kazi yake. Likizidi 8, mara nyingi ulianza chini mno. Likiwa 2 au 3 tu, huenda ulianza juu au hujaendesha kwa kasi ya kulipasha. Rekebisha psi moja tu, gurudumu moja kwa wakati, halafu urudi uwanjani uhisi tofauti. Pitisha kiganja pembeni mwa mpira: ukiwa na mikunjo midogo iliyosawazika, hali ni njema; ukiwa umechanika kwa vipande vyenye kingo kali, simama utafute sababu kabla ya kipindi kinachofuata.

Kabla ya kurudi nyumbani, rudisha 36 na 42, lakini subiri kwanza matairi yapoe kabisa. Ukijaza 36 tairi likiwa na joto la uwanjani, kesho asubuhi utakuta 30, na utakuwa tayari umeshaingia barabarani nalo.