Kuchagua tairi za kukamata kona bila kuuza kiwanja, kwa sisi wa Tabora

Kuna dogo mmoja wa Isevya ana Altezza, juzi kanipigia simu usiku, kaka nimepata dili, tairi nne za mtumba toka Japani semi sliki kabisa, yani za mashindano karibu hazina mifereji, kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) zimejaa, jamaa anataka laki tatu kwa zote. Nikamwambia kabla hujatoa hata mia piga picha ubavuni pale palipoandikwa DOT unitumie. Picha ikaja, tarakimu nne za mwisho zinasoma 2214. Yani wiki ya 22, mwaka 2014. Dogo hayo ni mawe yenye tundu katikati, achana nayo.

Sasa kwa vile swali lenyewe naulizwa kila mara naona niliandike mara moja. Unataka tairi zinazong'ang'ania lami, gari ni hilohilo la kwendea kazini, hilohilo unataka ulikimbize uwanjani, uwanja wa kukimbizia magari, mara mbili tatu kwa mwaka, na hela ni ya kuungaunga. Inawezekana. Ila sisi wa huku tuna shida yetu, uwanja uko mbali. Mimi zile siku za kukimbiza gari kati ya koni huku unapimwa muda kwa saa sijawahi kuziona hapa mjini kwetu, nikitaka kukimbia nafunga safari upande wa Dar, Itigi, Manyoni, Dodoma, Morogoro, kilomita mia nane na ushee, na trela la kubebea gari sina wala wewe huna. Kwahiyo tairi yetu ina kazi tatu, ikufikishe, ikimbie, ikurudishe. Watu wananunua kwa kuangalia ile ya katikati tu halafu wanalia porini baada ya Itigi.

Anza na saizi maana hapa ndo watu wanadanganyana. Altezza ya RS200 ilitoka kiwandani na 215/45R17. Maana yake upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya huo upana, rimu inchi 17. Baada ya hapo kuna namba na herufi, mfano 87W. Hiyo 87 ni uzito ambao tairi moja inabeba, kilo 545, ukikuta 91 ni kilo 615. Herufi ni spidi ya mwisho kwa kilomita kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Utasema mimi mwisho wangu 50 mjini, 270 ya nini? Ya joto. Tairi yenye herufi ya spidi kubwa imejengwa kuvumilia moto, na uwanjani kinachoua tairi ni moto, hata kama spidi yako haijafika 120. Usishuke chini ya herufi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na kwenye uzito pia usishuke, safari ya Dar unaenda na watu wanne na ndoo ya asali ya shangazi kwenye buti.

Na ile tamaa ya kuongeza upana ipunguze. Tairi ya 235 ya mpira mgumu itapitwa na 205 ya mpira laini kila kona, afu hiyo pana itakula fenda na kukuongezea mafuta. Kinachoshika lami kwanza ni mchanganyiko wa mpira wenyewe, upana unakuja baadae sana.

Sasa ulaini wa mpira utaujuaje dukani? Tairi nyingi zimeandikwa ubavuni TREADWEAR na namba. Huo ni utaratibu wa Marekani, tairi inalinganishwa na tairi ya kupimia iliyopewa 100, kwahiyo yenye 400 kwa hesabu hiyo inakaa mara nne zaidi. Tairi za kawaida za familia utakuta 400, 500, hata zaidi. Za michezo za barabarani zinacheza 280 mpaka 340. Zile za kukimbia kweli ila bado unaruhusiwa kwenda nazo sokoni ni 200. Chini ya hapo, 100 au 80, hizo ni semi sliki.

Lakini sikia, hiyo namba anaitoa mwenye kiwanda mwenyewe kutokana na majaribio yake, kwahiyo 200 ya huyu sio 200 ya yule. Na kuna ujanja ndani yake, kule Marekani mashindano ya koni ya madaraja ya magari ya mtaani yanataka tairi isiyopungua 200, basi viwanda vinatengeneza tairi laini kabisa halafu vinagonga 200 ubavuni ili ipite. Itumie kama mwanga tu. Pembeni yake utaona TRACTION AA, A, B au C, hiyo ni breki ya mstari mnyoofu kwenye maji, haikwambii chochote kuhusu kona, na TEMPERATURE A, B, C ambayo ndo ya joto. Kwa safari yetu TEMPERATURE chukua A, usibishane.

Majina? Ukiwa na hela kuna Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan Neova, ila kichwa kinasema bila kuuza kiwanja. Kwa watu wa kuungaunga angalia Hankook Ventus RS4 ya Korea, hiyo ina 200 na inavumilia joto la mizunguko mingi bila kulainika kama ubwabwa. Nankang ya Taiwan ana NS-2R ambayo ndo naikubali kwa bei, na Accelera ya Indonesia ana 651 Sport ambayo wengi wanaanzia hapo. Nankang huyohuyo ana AR-1, hiyo ni semi sliki ya ukweli, kashata chache, mpira unanata kama ulimbo. Nilishawahi kuitamani. Usiitamani. Mpira wa namna ile unaanza kushika vizuri ukishapata moto, asubuhi ya Julai hapa Tabora ukitoka nyumbani na baridi yake hauna moto wowote, na kuanzia Novemba mpaka Aprili kuna mvua, kashata chache maana yake maji hayana pa kutokea, tairi inapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi kama umechomoka. Ukishausikia ule wepesi mara moja hutausahau.

Afu kuna jambo la hela ambalo watu hawalipigii hesabu. Tuchukue mfano wa kufikirika tu, tairi ngumu laki mbili inakaa kilomita elfu 40, tairi laini laki tatu na nusu inakaa elfu 20. Ngumu ni shilingi 5 kwa kilomita, laini ni 17 na senti 50. Zidisha kwa nne, 20 na 70. Kwenda Dar na kurudi weka kilomita 1,660, tairi laini zimekula laki moja na elfu 16 kabla hujapiga hata mzunguko mmoja, ngumu zimekula elfu 33. Ndo maana wengine wanabeba seti ya pili, mbili kwenye buti, mbili siti ya nyuma zimefungwa mkanda kama abiria, wanabadilisha uwanjani kwa jeki. Ni akili nzuri kama unaenda mara sita kwa mwaka na rimu za ziada unazo. Kwa mara mbili tatu seti moja ya 200 inatosha, na kama hujawahi kabisa kukimbia uwanjani basi nenda na tairi za kawaida ulizonazo, nzima, kwanza. Hiyo hela badilisha mafuta ya breki na pedi. Tairi ngumu inalia mapema kabla haijaachia, inakufundisha, ile laini inakaa kimya mpaka mwisho halafu inakuacha kwa mpigo.

Kwenye mtumba siwezi kukataza mtu maana najua mfuko. Ila kama ni gripu unaitafuta, tairi mpya ya jina dogo ya mwaka huu inaipiga tairi ya jina kubwa ya miaka saba iliyopita, bila ubishi. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, mafuta yake yanaondoka unakuwa mkavu. Soma tarakimu nne, wiki na mwaka, kama upande mmoja hauzioni angalia ubavu wa pili, mara nyingi zinagongwa upande mmoja tu. Mimi mwisho wangu kwa tairi ya kukimbilia ni miaka mitatu. Bonyeza ukucha kwenye kashata, mpira mzuri unaingia kidogo na alama inarudi taratibu, uliokufa ukucha unateleza kama kwenye meza ya fomaika. Lakini fanya hivyo kivulini! Muuzaji ameanika tairi juani tangu asubuhi, saa nane mchana wa Oktoba hapa mjini hata gogo la mninga litaonekana laini. Halafu ipanue ile mifereji kwa vidole uangalie nyufa ndogondogo chini kabisa, ingiza mkono ndani upapase ubavu, ukikuta kiraka au uvimbe rudisha mkono mfukoni. Kuna vinundu ndani ya mifereji, kashata ikilingana navyo imebaki milimita 1.6, hapo tairi ni kipara hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake.

Kama hela ni ya mbili tu, weka mpya nyuma. Najua fundi atakwambia mbele ndo kwenye usukani, weka nyuma hivyohivyo, mkia ukiondoka kwenye maji hamna usukani utakaokusaidia. Na usichanganye laini mbele na ngumu nyuma.

Ukishafunga, fanya balansi na alaimenti, na kabla ya alaimenti angalia bushi na tairodi maana kupima gari yenye bushi zilizokufa ni kumpa fundi hela ya soda. Tairi laini gari ikivuta pembeni zinaisha upande mmoja ndani ya safari moja. Jiandae na kero nyingine pia, ukitoka lami zikiwa na joto ukaingia njia zetu za Ipuli zinaokota changarawe zote, kwenye fenda unasikia kama mvua ya mawe. Zima redio uzoee.

Upepo sasa, na hapa mimi mwenyewe nililipa ada. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, na uwe na geji yako kwa sababu hizi za mtaani kila moja ina dini yake. Ukikimbiza gari hewa inapanda, kwa kadirio kila nyuzi 5 au 6 za joto zinaongeza psi moja (psi ndo kipimo cha upepo kwenye geji), ukianza na 32 baada ya mizunguko minne unakuta 38, 40, tairi imevimba katikati na gari inateleza. Unatoa mpaka 34 au 35 ingali moto. Namba kamili ya gari yako itakuambia chaki, chora mistari mitatu minne toka begani, pale ukingoni kashata inapokutana na ubavu, kushuka ubavuni, piga mizunguko, rudi uangalie. Ubavuni juu kuna kialama kidogo cha pembetatu kwenye tairi nyingi, chaki ikifutika mpaka pale umepatia, ikifutika kupita pale upepo mdogo, ikibaki hata begani umejaza sana. Chaki ya shule, shilingi mia. Na habari ya kulipia naitrojeni ili upepo usipande mimi huwa nacheka, hewa unayopumua asilimia 78 ni naitrojeni tayari na bure.

Mara yangu ya kwanza nilitoa upepo vizuri, nikakimbia vizuri, jioni nikala, nikalala, asubuhi nikawasha gari kurudi nyumbani. Sikuongeza. Zile 34 za moto zikipoa ni 27 hivi, na mimi nikaenda nazo na mizigo na watu. Dodoma hamna kitu, Manyoni nikasikia usukani mzito nikasema ni uchovu. Itigi nikasimama kununua maji, nikashika tairi ya nyuma kushoto, mkono nikauondoa kama nimeshika sufuria. Mabega yote mawili yameliwa, katikati kashata mpya kabisa. Mzee mmoja wa pancha pale akaiangalia muda mrefu, akaniuliza, "Kijana wangu, hii tairi ulikuwa unaiendesha au ulikuwa unaiburuza?" Akajaza upepo zote nne, hela ya upepo akagoma, akachukua ya geji tu aliyoniuzia, ndo hiyo ninayo mpaka leo kwenye droo ya dashibodi.

Kwahiyo ukimaliza uwanjani, kabla ya kula, funga pampu kwenye umeme wa gari urudishe upepo juu, na asubuhi pima tena zikiwa baridi, ifike namba ya kibandiko cha mlango na ya mzigo kama umebeba watu. Ukifika nyumbani zing'oe zile changarawe kwa bisibisi. Kama una seti ya pili usiziweke chini ya bati linalochoma wala karibu na jenereta, zifunge kwenye mfuko mweusi, chumba chenye kivuli, juu andika kwa chaki ilikuwa kona gani ya gari, maana baada ya miezi minne hutakumbuka.

Yule dogo wa Isevya amepata nne mpya za 215/45R17 toka Dar, zimekuja kwenye basi, DOT inasoma mwaka huu. Ile laki tatu ilibidi aongeze kama mara tatu yake, bado ananilaumu kwa hilo, lakini Jumapili alinipitisha mzunguko wa pale stesheni taratibu tu, hakusema kitu, akawa anatabasamu peke yake.