Kufuga kanga wasitoroke

Kanga ni ndege wa pori wa Afrika, kusini mwa Sahara, na hata aliyezaliwa bandani bado ana pori ndani yake. Kuku hurudi mwenyewe jioni. Kanga asiyezoeshwa hulala juu ya mti au huhama kabisa. Kwa hiyo usinunue wakubwa, wala usinase wa porini. Anza na mayai.

1. Okota mayai kwa busara
Jike hutaga kwenye majani marefu, na mara nyingi majike kadhaa hushiriki kiota kimoja. Usikombe mayai yote. Akikikuta kitupu atakihama, na kinachofuata atakificha zaidi.

2. Mpe kuku ayaatamie
Kanga huchukua siku 26 hadi 28 kuanguliwa, kuku 21. Usichanganye mayai yao: vifaranga wa kuku wakishatoka, mama atainuka awafuate, na mayai ya kanga yatapoa. Kwa nini si kanga mwenyewe? Kwa sababu huwatembeza watoto kwenye umande alfajiri, na kifaranga aliyelowa hafiki mbali.

3. Wiki za kwanza
Hapa ndipo wengi hufa, na wengi wao wangeweza kuokolewa. Kama unatumia taa, anza na nyuzi 35 za Selsiasi, kisha punguza nyuzi 2 au 3 kila wiki. Kipimajoto kinasaidia, lakini waangalie wenyewe: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikaa pembeni wakihema midomo wazi, joto limezidi. Chombo cha maji kiwe cha kina kifupi, chenye kokoto ndani, maana wanazama kirahisi mno. Usitandike gazeti, linateleza, na miguu hupanuka kando kifaranga asiweze kusimama. Tandika maranda makavu. Chakula kiwe na protini ya asilimia 24 hadi 26. Cha vifaranga wa kuku mara nyingi hakifikii hapo.

4. Wazoeshe nyumbani
Wakishaota manyoya kamili wahamishie kwenye banda la kudumu, lenye vichanja vya juu, na uwafungie humo wiki kadhaa. Kila jioni wape mtama kidogo huku ukiwaita kwa sauti ileile. Siku ya kuwafungulia, toa mmoja au wawili tu. Kanga hapendi kutengana na kundi, hivyo atazunguka banda akiitikia wenzake walio ndani. Ongeza wengine polepole, na wafungulie wakiwa na njaa, saa moja au mbili kabla ya giza.

5. Tofautisha dume na jike
Usitegemee rangi, wanafanana. Sikiliza. Jike hutoa mlio wa vipande viwili, cha pili kikipanda juu. Dume hana huo. Ila jike naye huweza kulia kama dume, kwa hiyo ukisikia mlio wa kipande kimoja usiamue bado. Dume mmoja anatosha majike 4 au 5.