Kufundisha watoto habari za wahamiaji bila kumsimamisha mtu: pitia Kengeleni

Kama wewe ni mwalimu hapa Mombasa na umefika ile mada ya jamii zetu na vile watu walihama wakaja kuishi hapa, nakuomba usianze kwa kuuliza nani hapa si mwenyeji. Mimi nilianza hivyo mwaka wangu wa pili wa kufundisha, nikasema kila mtoto asimame ataje kabila lake na babu zake walitoka wapi, ikafika zamu ya msichana mmoja wa nyuma akasimama akanyamaza anaangalia tu dawati, mwenzake akamjibia kwa sauti "huyo Mpemba, kwao hata vitambulisho hawana", darasa zima likacheka. Siku mbili hakuja. Aliyemsimamisha ni mimi, na tangu hapo nilibadilisha kila kitu, kwa hivyo nawaandikia vile nafanya saa hii na gredi ya tano na ya sita.

Somo la kwanza sitaji kabila lolote, naanza na maneno. Waambie wahesabu moja mpaka kumi halafu uzungushe sita, saba na tisa ubaoni uwaambie hizo tatu ni za Kiarabu, zingine zote ni zetu za Kibantu. Watoto hushtuka manake wamehesabu hivyo tangu wazaliwe. Kisha endelea: meza, leso na bendera zimetoka kwa Wareno, gari, bima na chapati zimetoka India, bandari na serikali ni za Uajemi. Hata pale walipokaa, sisi pwani twasema skuli na hiyo ni ya Kiingereza, vitabuni wanaandika shule na hiyo ni ya Kijerumani, ilishika Tanganyika wakati Wajerumani wanatawala kule. Gereza nalo asili yake ni neno la Kireno la kanisa, na Fort Jesus yenyewe ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 ilikuja kuwa jela wakati wa Waingereza, hapo utaulizwa maswali mpaka kengele ilie. Homuweki: kila mtu alete maneno matano ya jikoni kwao.

Somo la pili ndilo nalipenda zaidi. Uliza nani amepita Kengeleni, kile kituo cha matatu huku Mombasa, wiki hii, mikono yote itaenda juu kwa sababu makanga wanaliita hilo jina kutwa, halafu uliza kengele yenyewe ni ipi, wengi hawajui ati ipo na imesimama pale pale. Sasa wape hadithi pole pole. Mwaka 1875 wamishenari wa Kianglikana walianzisha hapo kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, watu wa Malawi, Msumbiji na bara ya Tanganyika ambao hawangeweza kurudi makwao, na wengine wao walikuwa wamepelekwa kwanza mpaka Nashik kule India wakasomeshwa huko ndio wakaletwa Mombasa, watu wakawaita Wabombay. Waafrika hao, wanaitwa kwa jina la mji wa India! Kengele ilikuwa ya kuwaonya wakiona wavamizi wanakuja kuwakamata tena. Kama skuli yenu iko karibu watembezeni kwa miguu waiguse wenyewe, kama iko mbali mmoja anayepita aichore.

Reli fundisha kwenye hesabu. Ilianza hapa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, wafanyakazi walioletwa kutoka India walikuwa kama 32,000, waliokufa karibu 2,500, waliobaki hapa baada ya kazi hawakufika 7,000. Waambie wagawanye hao 2,500 kwa maili 582 za reli, watapata zaidi ya watu wanne kwa kila maili, na hapo mwachie kila mtu anyamaze kidogo usikimbilie swali lingine. Lakini usiwaache wakadhani kila Mhindi ni mjukuu wa reli, wengi walijilipia nauli wakaja kufungua maduka, na wafanyabiashara wa Gujarat walikuwa pwani hii hata kabla Mreno hajafika.

Wamakonde wako karibu zaidi, kuna watoto wana babu aliyetembea. Walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mkonge na miwa kule Kwale, wakazaa, wakazikana huko, na bado hawakuwa na kitambulisho, mpaka Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu Nairobi, ndio serikali ikawakubali kama kabila la 43. Wape ramani na rula wapime hiyo safari. Mwaka uliofuata Wakenya wa asili ya Kihindi wakawa la 44, na Wapemba wakatambuliwa 2023. Mimi huwauliza, mtu asiye na kitambulisho hawezi kufanya nini? Wataje wenyewe: laini ya simu, kazi, benki.

Lazima kuna mtoto atasema "lakini sisi Wamijikenda ndio wenyeji." Usimkaripie. Mwambie aende aulize wazee habari za Shungwaya, vile wazee wanasema walitoka kaskazini wakakimbia wakajenga kaya, yaani vijiji vyao vya zamani vyenye boma, msituni, kaya ambazo UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia 2008. Atarudi na hadithi ya safari kama wenzake, na atakuwa ameisikia kwa nyanyake si kwako.

Siku ya utamaduni siipingi, nguo na ngoma ni raha, ila ukiishia hapo mtoto anabaki akijua Mhindi ni chapati na Mmakonde ni kinyago, hajui kazi walizofanya wala sheria iliyowabagua.

Mtu akisema "rudi kwenu" simamisha somo hapo hapo, ongea na aliyesema, mwambie kwao ni hapa na aombe msamaha, lakini yule aliyetukanwa usimwite mbele.

Mwisho wape maswali ya kupeleka nyumbani na wachague moja tu la kujibu: nani wa kwanza kwenu kulala mtaa huu, alibeba nini, nani alimkaribisha. Karatasi za serikali usiulize kabisa. Ukijua kuna mtoto hana cheti cha kuzaliwa ongea na mzazi wake peke yake, mapema, kabla ya usajili wa mtihani. Majibu yabandike ukutani yakae mpaka mwisho wa muhula, manake wazazi wakija kuchukua ripoti husimama pale wakasoma moja moja, na mwaka jana mama mmoja alinishika mkono akaniuliza kama bado anaweza kuongeza ya kwake.