Alamu ya bei nafuu yenye kontroo rumu: ijaribu hivi kabla hujasaini mkataba

Wadau wa Mbeya habari zenu. Mimi nafunga alamu na kamera majumbani, Uyole mpaka Iyunga huko, na wiki haipiti bila mtu kuniuliza hizi za bei ndogo zenye kontroo rumu, yani watu wa kuzisimamia masaa 24, zinafaa au ni kupoteza hela. King'ora hata cha bei chee kinalia, hapo hakuna tabu. Unacholipia kila mwezi ni mtu wa kupokea taarifa saa 9 usiku na gari la kufika getini kwako, kwa iyo hicho ndo cha kupima.

Hatua ya 1. Zunguka nyumba yako usiku kama vile umesahau funguo. Utajua mwenyewe wapi pa kuingilia, mara nyingi ni mlango wa jikoni au dirisha la stoo. Hesabu sensa (vile vifaa vinavyohisi mtu akipita au mlango ukifunguka) kuanzia hapo, sio kuanzia idadi iliyopo kwenye ofa.

Hatua ya 2. Kagua boksi kuu, lile linalopokea taarifa za sensa na kuzituma. Liwe na betri ndani na sehemu ya kuweka laini ya simu, basi. Kama ndugu yako anakutumia alamu kutoka Marekani muulize kwanza ni ya toleo gani. Ring Alarm kwa mfano, alamu ya kampuni ya Kimarekani, ilitoka 2018 kwa dola 199 na usimamizi dola 10 kwa mwezi, bei tamu kweli, ila kontroo rumu yao haiwezi kukutolea gari hapa Mwanjelwa, na sensa zake za toleo la Marekani zinaongea na boksi kwa redio ya megahezi 908 wakati za Ulaya ni 868, na huku kwetu 908 inaangukia kwenye masafa ya simu za mkononi.

Hatua ya 3. Zima meni switchi jioni, lala, asubuhi ndo uwashe. Umeme ukikatika ruta nayo inakufa, intaneti inakatika, sa unataka kuona boksi linahamia lenyewe kwenye laini ya simu au linanyamaza. Kabla hujawasha fungua mlango mmoja uone kama taarifa inafika. Hili wengi hawalijaribu kabisa wakati kwetu umeme kukatika ni jambo la kawaida.

Hatua ya 4, sensa. Ya mwendo inaona joto linalotembea, kwa iyo ukiijaribu katisha mbele yake kushoto kwenda kulia, ukiifuata moja kwa moja inachelewa kukuona. Usiielekeze dirishani wala kwenye jiko la mkaa, mwezi wa sita na wa saba na baridi yetu hii watu wanaingiza jiko sebuleni alafu wanashangaa alamu inajilia. Sensa za sumaku za mlangoni nazo zina mambo yake, milango yetu mingi ni ya chuma na chuma kinadhoofisha sumaku, weka kipande cha mbao au plastiki katikati au nunua zile za milango ya chuma. Mlango wa mbao nao mvua zikianza Novemba unavimba, haufungi mpaka mwisho, na alamu inakataa kuwaka. Acha nafasi ya kurekebisha.

Hatua ya 5 ndo yenyewe, hapa usiwe na haraka. Omba wiki mbili za majaribio, ongea na meneja akuruhusu kuamsha alamu bila walinzi kujua, fanya mara 3: mchana, saa 2 usiku, saa 9 usiku. Shika saa. Andika muda kutoka king'ora kulia mpaka simu yako kuita, alafu kutoka simu mpaka taa za gari getini, na usichanganye hizo mbili maana kampuni nyingi zitakutajia ya kwanza tu. Mara moja usipokee simu makusudi, uone wanafanya nini. Mteja wangu mmoja wa Itezi alivunjiwa mlango wa nyuma, king'ora kikalia vizuri, kontroo rumu wakapiga namba yake ikawa haipatikani, wakaishia hapo hapo. Namba ya pili hawakuwa nayo kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Ile alamu niliifunga mimi na mpaka leo inaniuma, ndo maana nawaandikia haya. Wape namba 3, moja iwe ya jirani mwenye usingizi mwepesi. Uliza pia gari lao linalala wapi, na dereva alishawahi kufika kwako? Mpe pini ya ramani na alama anayoiona usiku, barabara zetu za juu huku mvua ikinyesha hata bodaboda anapotea.

Hatua ya 6. Piga hesabu ya mwaka mzima: vifaa, ada mara 12, bando ya laini, betri za sensa. Soma ukivunja mkataba vifaa vinabaki vyako au wanakuja kuvibandua, na gari likitoka bure alamu ikidanganya unalipa shilingi ngapi. Kama kuna kamera uliza nani anaona picha za ndani kwako na zinakaa siku ngapi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023, una haki ya kuuliza na kujibiwa.

Ukishafunga, kila mwanzo wa mwezi angalia salio la ile laini kisha amsha alamu mara moja usikie kama simu inaita.