Unguja mpaka Maskati kwa ndege masaa mangapi? Piga hesabu mwenyewe kwa simu

Mie kazi yangu kukata tiketi, na suali la kila siku ni hili, ati mpaka Maskati masaa mangapi? Ukishamjibu matano na kitu anakuonesha tiketi yake, mbona hapa imeondoka 09:30 imefika 15:45, si sita na robo hayo? Haya, chukua simu tufanye pamoja.

Kwanza umbali. Fungua Google Maps, tafuta kiwanja cha Kisauni, yaani kiwanja cha ndege cha hapa Unguja, kibonyeze na kidole usiachie mpaka itoke alama nyekundu, shuka chini utaona Pima umbali. Gusa hapo hafu isogeze ramani mpaka kiduara kikae juu ya kiwanja cha Maskati. Itakuja kama kilomita 3,900. Ukipima na Dubai nako inakuja hiyohiyo 3,900 hivi, wateja hawaamini mpaka niwapimie mbele ya macho yao.

Pili mwendo. Jeti ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 850 kwa saa, vile vindege vya Caravan vya Pemba kama 300. Gawa 3,900 kwa 850 unapata 4.6, na hapa ndo wengi wanapoteleza, hiyo sio masaa manne na dakika sita, ile .6 izidishe kwa 60 upate dakika 36. Tia na nusu saa ya kutambaa kiwanjani, kupanda na kushuka, ishafika matano na dakika kidogo. Pemba yenyewe kiwanja kwa kiwanja kilomita 125 tu, gawa 300 ni dakika 25, tia tano, nusu saa ushafika Chake. Upepo nao unaongeza au unapunguza, ila usinambie habari za kusi na kaskazi, hizo za majahazi huku chini, futi 35,000 juu huko kuna upepo wake mwengine.

Tatu, ndo turudi kwenye tiketi. Saa ya kuondoka ni ya kwetu, ya kufika ni ya kule, na Oman wako mbele yetu saa moja. Kwa hivo 09:30 mpaka 15:45 ni sita na robo, toa moja, matano na robo. Ukirudi unaongeza badala ya kutoa.

Hafu kuna hili, na hili ndo linaloumiza watu. Saa za tiketi sio saa zetu. Shangazi yangu tiketi yake imeandikwa 07:10, yeye kaisoma saa saba na dakika kumi mchana, kapika, kaaga mtaa mzima, kafika Kisauni saa tano na mabegi yake matatu na ndege keshaondoka tokea asubuhi. Yakhe, alilia pale. Saa za asubuhi na mchana we toa sita tu: 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, 15:45 ni saa kumi kasorobo. 02:00 huwezi kutoa sita, basi ongeza, saa nane za usiku.

Skuizi kila tiketi ninayotoa naandika kwa biki pembeni, SAA MOJA NA DAKIKA KUMI ASUBUHI, na juzi kuna mmoja kanipigia kuniuliza asubuhi ya siku gani.