Somo: Kuchora mpaka wa eneo la gesi asilia kwenye QGIS (programu ya kuchora ramani)

Habari wadau. Somo hili ni la gesi ya mtego: imepanda, ikazuiwa na mwamba usiopitisha, chini yake maji. Gesi ya namna hii ina ukingo unaochoreka.

1. Kuratibu (namba za mahali kwenye ramani). Ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ramani nyingi za zamani za Tanzania ni za Arc 1960, GPS inatoa WGS 84; hii ni mifumo miwili tofauti ya kupima mahali. Ukichanganya, kitu kinahama takriban mita 300 kaskazini-kusini, na kisima kinajikuta nje ya mtego. Kwa pwani, leya (tabaka la ramani) ya zamani itambulishe kwanza kama EPSG 21037 (namba ya mfumo wa Arc 1960), kisha uihamishe kwa zana ya Reproject kwenda 32737 (ya WGS 84). Ukiibandika 32737 moja kwa moja umebadili jina tu, namba ni zilezile. Kagua kwa picha ya satelaiti: mlango wa bandari ya Dar usipolaliana, rudia.

2. Leya tatu: mwamba mama ulioiva (unaozalisha gesi), mwamba hifadhi (unaoibeba), mwamba kifuniko (unaoizuia juu). Upande wa bara, ishia pale mashapo yanapokwisha na miamba ya kale kuanza. Kila mstari uwe na safu ya sababu kwenye jedwali: ufa, kisima au makisio. Makisio chora kwa vipande. Halafu tumia zana ya Intersection, ibaki sehemu ambapo leya zote tatu zinapishana.

3. Mtego. Tumia ramani ya kina kwa mita. Ya milisekunde (muda wa mawimbi ya mtetemo kwenda na kurudi) inadanganya, hasa baharini, kwa kuwa maji yakizidi kina mawimbi yanachelewa na umbo linainama. Tafuta kontua (mstari wa kina kimoja) ya chini kabisa inayojifunga. Zaidi ya hapo gesi inamwagika. Tuseme hiyo ni mita 1,950, lakini kisima kimekuta maji kwa 1,900: mpaka wa gesi ni 1,900.

Maswali

*Mkuu, kisima kikavu ndani ya eneo, nikikate?*
Usiharakishe. Kama kilichimbwa pembeni ya mtego, hakisemi lolote kuhusu eneo zima. Kama mchanga wenyewe haukuwepo, hapo sogeza mpaka wa mwamba hifadhi.

*Maeneo ya gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay yaingie poligoni (umbo lililofungwa) moja?*
Hapana. Mchanga wa Songo Songo ni wa Kretasia ya Awali, wa Mnazi Bay ni wa Oligosini hadi Miosini, mdogo kwa zaidi ya miaka milioni 60. Poligoni mbili.

*Nifuate mipaka ya vitalu?*
Vitalu ni mistari ya leseni, iache kwenye leya yake. Ukiona mpaka wako umenyooka kama rula na hakuna ufa hapo, umeufuata bila kujua.