Kabla Hujanunua Seti ya Kunyanyulia Pikapu Nzito

Mtu akija kwangu na pikapu ya kazi, Ford F-250 au Ram 2500, huanza na inchi. "Fundi, niweke nne au sita?" Simjibu mpaka aniambie mambo mawili: anataka kuvaa tairi gani, na gari linabeba nini siku zote. Urefu huja baadaye, wenyewe.

Nimelijifunza hilo kwa fedha yangu. Pikapu ya kwanza niliyoinyanyua ilikuwa F-250 ya 2006, na niliipa inchi sita kwa kuwa ndivyo nilivyoiona kwenye picha nikaipenda. Seti ilikuja na koili, shokapu na vitalu vya nyuma (vipande vya chuma vya kukaa kati ya springi na ekseli), basi. Nilipoingia barabara kuu usukani ukawa unatangatanga, nashika kushoto gari linataka kulia. Nilikaa miezi nikinunua kimoja kimoja vile vipande ambavyo vilipaswa kuwemo kwenye boksi tangu siku ya kwanza.

Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: kwenye gari lenye ekseli nzima (chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) mbele na nyuma, springi ndefu haziipandishi difu hata milimita moja. Zinapandisha chasisi na bodi. Kinachoipandisha difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya kipenyo kilichoongezeka. Ukitoka tairi la inchi 32 kwenda la 35, umepata inchi moja na nusu chini ya difu. Kwa hiyo kazi ya springi ni kulipa tairi nafasi ya kuzunguka na kukata kona bila kugusa madigadi. Kama 35 inaingia kwa inchi mbili na nusu, na Super Duty nyingi (ndiyo familia ya F-250) huipokea hivyo rimu ikiwa na ofseti sahihi, yaani ikikaa ndani au nje kwa kiasi kinachofaa, sioni sababu ya kwenda sita. Kila inchi ya ziada inapandisha uzito juu, na gari lenye uzito juu hulala zaidi kwenye kona.

Tairi lina gharama zake nalo. Kwa 35 badala ya 32, spidomita ikisoma 100 wewe uko karibu 109, mpaka kompyuta ya gari iambiwe tairi jipya. Na kama uwiano wa gia za difu yako ni 3.73, itakubidi uende 4.10 ili injini ivute kama zamani. Kwa anayevuta tela hili si la kuahirisha.

Sasa uzito. Jaza tangi, funga kila kitu kinachokaa garini daima (bampa la chuma, winchi, sanduku la spana), kisha peleka gari kwenye mizani. Pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Namba hizo mbili ndizo za kumpa muuzaji, kwa sababu springi hutengenezwa kwa uzito fulani. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli. Ukiweka chini yake koili za petroli, gari halitafika urefu ulioandikwa kwenye boksi. Ukiweka springi za gari lenye winchi kwenye gari tupu, litakurusha kwenye kila tuta. Na kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kile kinachosema uzito wa juu kabisa, hakibadilishwi na seti yoyote. Springi ngumu zaidi hazikupi ruhusa ya kubeba zaidi, maana breki, ekseli na chasisi ni zile zile.

Tukifungua boksi, mimi husoma orodha ya vipande kabla sijasoma inchi. Chukua ekseli nzima yenye koili mbele, kama ya Super Duty. Ekseli imeshikwa na mikono miwili mirefu inayotoka kwenye chasisi. Chasisi ikipanda, mikono hiyo inaning'inia zaidi na kuizungusha ekseli, na kasta inapungua. Kasta ni ule ulalo wa kuelekea nyuma unaofanya usukani ujirudie katikati. Ndiyo maana langu lilitangatanga. Dawa ni mabano ya kushusha mikono, au mikono mipya iliyorekebishwa pembe.

Halafu kuna panhadi rodi, chuma kinachokatiza kutoka chasisi hadi ekseli. Urefu wake haubadiliki, kwa hiyo gari likipanda huvuta ekseli upande mmoja. Dai panhadi ya kurekebishika au bano lake. Fimbo ya usukani lazima ibaki na ulalo unaokaribiana na wa panhadi. Zikitofautiana, kila shimo litakugeuzia usukani mkononi. Angalia pia mipira ya breki mirefu au mabano ya kuishusha, vizuizi vya ekseli (vile vinavyoizuia isigonge chasisi) kwa urefu mpya, na nyaya za ABS zisivutwe.

Ukisikia mtu anasema ekseli yake ya mbele hutikisika vibaya akipita shimo kwa kasi, halafu ameshauriwa aongeze shokapu ya usukani, mwambie aangalie kwanza bushi za panhadi, tairodi na boljointi. Shokapu hiyo huficha tu ulegevu. Mimi sinyanyui gari kabla sijavikagua hivyo.

Silverado 2500HD ya Chevrolet ni habari nyingine. Mbele hakuna ekseli nzima, kuna tosheni baa, chuma kirefu kinachojisokota. Kukaza bolti zake kunapandisha pua bila kununua kitu, na wengi huishia hapo. Lakini tairi linabaki na nafasi ndogo ya kushuka, na sivijointi (viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele) zinafanya kazi kwenye pembe mbaya. Ukitaka kupanda sana, tafuta seti inayoshusha na difu ya mbele pamoja na mikono.

Nyuma, springi kamili hushinda kitalu, hasa kwa mzigo, kwani kitalu kirefu huipa ekseli nguvu ya kujizungusha unapokanyaga mafuta. Kitalu kimoja kizuri nakikubali. Viwili kupandanishwa, kamwe. Kitalu kwenye ekseli ya mbele, kamwe. Yu-bolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, kwa sababu zikishakazwa mara moja zimekwisha kuvutika. Usisawazishe pua na mkia kabisa kama unabeba mizigo. Acha nyuma juu kidogo, la sivyo ukipakia taa zitaangalia mbinguni. Propela ndefu ya vipande viwili inaweza kuhitaji beringi yake ya katikati ishushwe, na utajua kwa mtetemo unapoondoka.

Kabla ya kufungua bolti ya kwanza, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, uandike. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi hubaki zimesokotwa na kupasuka mapema. Kisha alaimenti, taa zishushwe, kamera na rada zisawazishwe upya kama gari linazo. Baada ya kilomita 800 rudi chini ya gari na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), uanze na yu-bolti, halafu upime tena zile sehemu nne.